Pangaboi au feni ya kusimama?

Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, swali hili halikosekani barazani Lamu. Kwanza tuelewane: zote mbili hazipoozi hewa. Upepo wake hukausha jasho mwilini, basi kuiacha feni ikizunguka chumba kitupu ni kuchoma tokeni bure.

Kwa umeme tofauti ni ndogo. Pangaboi la wati 75 likizunguka saa 10 hula uniti 0.75, feni ya kusimama ya wati 50 hula 0.5. Gharama ya pangaboi hasa iko kwa fundi. Katika nyumba za kale, alitundike kwenye boriti nzima isiyoliwa na mchwa, asithubutu kwenye plasta. Na mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni. Dari ikiwa fupi, achana nalo.

Usiku nampa ushindi feni ya kusimama. Chandarua huzuia upepo mwingi, na hiyo waweza kuisogeza karibu na kitanda, au dirishani ivute hewa ya nje. Ila nyumba yenye watoto watambaao, waya na vidole ni hatari kweli.

Chumvi ya bahari hula zote. Ya kusimama huifuta ukiwa chini. Pangaboi lataka ngazi. Likianza kuzunguka kivivu, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuzunguka, spea ya bei nafuu.

Mpangaji wa kuhamahama achukue ya kusimama. Mwenye sebule yake, dari ndefu na wageni kila jioni, pangaboi litawafikia wote.