Tahadhari: Anayeuza tapeti, rota na koili za magari ya kale kama "mali ya stoo ya zamani"

Ninawatahadharisha wote wanaotunza magari ya kale kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetangaza tapeti na kamshafti (sehemu za injini zinazosukuma vali), pamoja na rota, kondensa na koili (sehemu za mfumo wa moto wa plagi), akidai kuwa ni mali halisi ya kiwandani iliyobaki stoo bila kutumika. Jina la akaunti yake hubadilika, lakini mtindo haubadiliki: picha ni za maboksi yaliyochakaa, malipo yote hutakiwa kabla ya mzigo kutumwa, na dhamana huisha mara spea inapofungwa kwenye injini. Sharti hilo la mwisho ndilo mtego wenyewe, kwani kasoro nyingi za spea hizi hujitokeza baada ya injini kuwashwa.

Tapeti ndizo zinazonisikitisha zaidi. Katika injini nyingi za zamani, uso wa tapeti unaoitwa bapa huwa umebinuka kidogo sana, na nundu ya kamshafti huchongwa kwa mteremko mdogo, ili tapeti izunguke kila inaposukumwa na msuguano usikae mahali pamoja. Nilizoletewa zilikuwa bapa kabisa: nilipolaza ubavu wa moja juu ya uso wa nyingine, mwanga haukupenya kwenye kingo, na tupa laini ilizikwaruza bila shida, ilhali juu ya chuma kilichotiwa ugumu ipasavyo tupa huteleza tu. Tapeti ya namna hiyo inaweza kula nundu za kamshafti katika dakika za kwanza kabisa za kuzoesha injini, nazo chembe za chuma zikachukuliwa na oili hadi kwenye beringi. Oili yenye zinki ya kutosha, ambayo kwa hakika injini hizi zinaihitaji, haiokoi chuma laini. Nilipomtumia muuzaji picha za ukaguzi huo, alijibu kwamba kugusa spea kwa tupa ni sawa na kuifunga, kisha akakata mawasiliano.

Upande wa moto, koili aliyoiuza kuwa ya omu 3 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ilipimwa ikawa na omu 1.5. Kwa umeme wa volti 12, pasipo kizuizi cha nje cha kupunguza mkondo, mkondo hupanda kutoka ampea 4 hadi 8, na platini (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) huungua mapema. Rota yake nayo, kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa cheche kwa kila plagi, ina ribiti (pini ya kubana) ndefu inayokaribia shafti ya distribyuta, hivyo cheche huweza kupenya plastiki na kuishia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Gari hukohoa, huzima likiwa limepata moto, na fundi hupoteza muda akirekebisha kabureta na taimingi ambazo hazina kosa.

Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote wa aina hii, dai picha ya rota kwa upande wa chini na ya uso wa tapeti kwa karibu, tena zikiwa nje ya boksi. Rota ya zamani ambayo bado inafanya kazi isitupwe. Aliyekwisha kununua asifunge chochote: apime koili kwa multimita, akague tapeti, apige picha, na awasilishe malalamiko kwa huduma aliyolipia kabla muda wa kudai fedha haujapita.