Dume wa nguruwe wa kununua sehemu za joto: mtazame saa nane mchana

Tangu jua lianze kuwa kali, wafugaji wa Lira na Gulu, kaskazini mwa Uganda, wananilalamikia jambo lile lile: jike kapandishwa vizuri, siku 21 baadaye anataka dume tena, yaani mimba haikushika. Lawama zote anabebeshwa jike. Mimi nauliza habari za dume.

Mgongo mrefu, miguu imara, chuchu 14, hayo mnayajua. Linalosahaulika ni pumzi. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Joto likimzidi huhema, huacha chakula, na mbegu zake huharibika. Mbegu mpya huchukua kama wiki 6 kukomaa, kwa hiyo dume aliyeunguzwa na jua la Februari anaweza kukupandia bure hadi mwisho wa Machi, tena kwa bidii zote. Wauzaji watakuita asubuhi, kukiwa na ubaridi. Kataa. Nenda saa nane mchana, mkute amelala kivulini, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Ukipata 30 au chini, toa hela. Ukipita 50 naye kalala tu, aga uondoke.

Katika aina za nguruwe, kwangu wa kwanza ni Duroc, na sifichi mapenzi yangu. Ngozi yake nyekundu haiungui ovyo, na ukimpandisha kwa jike wa Large White au Landrace, aina za nguruwe weupe, machotara wanakua haraka na nyama yao wachomaji wanaipenda.

Wa pili, mbegu za kupandikiza, jike anatiwa mbegu za chupa bila dume kuwepo. Hizi hukaa kwenye nyuzi 17 hivi. Bodaboda akikuletea chupa imelalia barafu, mbegu zimeshakufa, usimlipe.

Wa tatu ni Large White. Majike wake ni mama wazuri sana, lakini dume mweupe anataka kivuli na maji ya kumwagiwa mchana kutwa. Wa kienyeji anavumilia jua na ni rahisi, ila utamlisha mpaka uchoke.

Sasa hawa wanaouza "dume wa Camborough" kwa bei ya kuumiza! Camborough ni jike chotara aliyetengenezwa awe mama. Ukizalisha kwa kaka yake, watoto watatoka mchanganyiko, huyu mrefu, yule kibeti. Siku hizi kila nguruwe mweupe mwenye mgongo mrefu anapewa jina hilo, karatasi hakuna, na ukiuliza mama yake yuko wapi unaambiwa aliuzwa juzi.

Yeyote utakayemnunua, mtenge mbali na wenzake siku 30. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa.