Uzoefu wangu: lami mpya juu ya maegesho ya zamani. Katikati safi, kingo zimeniangusha

Nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizokosekana zote zimepotelea kwenye kingo.

Kazi ilikuwa kuweka tabaka jipya la lami moto, milimita 40 baada ya kushindiliwa, juu ya maegesho ya mita za mraba 1,200 mbele ya jengo la maduka Dar es Salaam. Mkandarasi simtaji. Lami ilimwagwa Agosti na mvua za masika zimeshapita juu yake, kwa hiyo hii si tathmini ya siku ya makabidhiano, siku ambayo kila lami hupendeza.

Nianze na walipofanya vizuri. Sehemu zenye nyufa za ngozi ya mamba, zile zinazokatizana kama magamba, hawakuzifunika. Walizikata kwa msumeno, wakachimba mpaka kwenye kokoto imara, wakajaza upya na kushindilia. Nyufa za namna hiyo maana yake msingi umelowa au umelegea. Ukizifunika tu, zitachungulia juu tena. Penye oili iliyozama walikwangua, kwa sababu lami haishiki juu ya grisi. Wakafagia, wakapuliza vumbi kwa kompresa, ndipo wakanyunyiza lami ya maji ya K1-60 (lami iliyochanganywa na maji, ya kugandisha tabaka jipya kwenye la zamani), kama nusu lita kwa mita ya mraba. Hii hutoka ikiwa na rangi ya kahawia, na lazima ungoje igeuke nyeusi. Ukimwaga lami moto ikiwa bado kahawia, maji yananaswa katikati na tabaka la juu huja kuteleza kama zulia pale magari yanapokata kona. Walingoja. Mafundi wengi hawangoji.

Unene niliuhakiki kwa risiti za mizani za malori. Milimita 40 za lami iliyoshindiliwa ni karibu kilo 96 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 1,200 zinakula tani 115 hivi. Risiti zilijumlisha tani 112, nikaridhika. Ukiona tani 85, umewekewa milimita 30, hata kama rula inasema vingine pale walipokuchagulia kupima. Joto nalo lilikuwa sawa: malori yalifunikwa turubai na lami ilifika na nyuzi 150 na ushee. Lori moja lililokwama kwenye foleni lilifika na nyuzi 115, wakalirudisha. Hapo nawapa heko.

Sasa kingo.

Kando ya mawe ya zege yanayozuia ukingo walifanya inavyotakiwa: walikwangua ukanda wa mita moja, kina kikianzia sifuri na kufika milimita 40 kwenye jiwe. Bila hivyo, jiwe la sentimita 10 linabaki na 6 na maji ya mvua yanalirukia. Rola haifiki ukutani kabisa, kwa hiyo zile sentimita 15 za mwisho walizipitia kwa kompakta ndogo lami ikiwa bado moto.

Langoni waliharibu. Badala ya kukata, walipunguza unene pole pole hadi sifuri ili lami mpya ilale juu ya ya zamani. Kokoto kubwa ya mchanganyiko ule ni milimita 14. Haina pa kukaa kwenye unene wa milimita 10: rola inaipasua, tairi linaing'oa. Kufika Desemba ukanda wa sentimita 40 ulishageuka changarawe. Ilitakiwa kukata mstari wima kwa msumeno, kukwangua kina cha milimita 40 upande wa ndani, kupaka lami kwenye uso ule wima, halafu mpya na ya zamani zikutane uso kwa uso.

Upande wa bustani ndio mbaya zaidi, maana hakuna jiwe la kuzuia. Kokoto za msingi ziliishia pale pale lami ya zamani ilipoishia, nao wakamwaga lami ikavuka sentimita 10 juu ya udongo wenye nyasi. Tairi likikanyaga ukingo wa namna hiyo, uzito unasukuma pembeni na hakuna kinachoegemeza. Ufa ulitokea sambamba na ukingo, sentimita 30 ndani, urefu wa mita 9, na maji ya masika yakamalizia. Ilipasa kung'oa nyasi na mizizi, kuchimba sentimita 20, kuweka kokoto zilizosagwa zivuke ukingo wa lami kwa sentimita 30 angalau, na kuzishindilia zikiwa na unyevu katika matabaka mawili. Juu yake praimu ya MC-30 (lami nyepesi inayopenya kwenye kokoto), kama lita moja kwa mita ya mraba, iachwe siku moja au mbili, ndipo lami. Mwisho udongo unarudishwa na kushindiliwa, ukae chini ya uso wa lami kwa sentimita 2 ili maji yatoke.

Kasoro nyingine: vibarua walikuwa wakisafisha sepetu na reki kwa dizeli, tena wakiwa wamesimama juu ya lami mbichi. Dizeli inayeyusha lami. Maji ya sabuni yanatosha.

Nilipolalamika, mkandarasi alileta mifuko ya lami baridi (isiyohitaji kupashwa moto) kuziba, akasema matayarisho ya kingo hayakuwemo kwenye bei. Nikasoma upya makadirio yake, na kweli matayarisho hayo hayakuwemo: bei ilikuwa ya mita za mraba tu. Kingo huhesabiwa kwa mita za urefu, kila aina kwa mstari wake: kukwangua kando ya mawe, kukata maungio, kupanua msingi. Usipoziona kwenye makadirio, ujue hazitafanywa.

Kwa eneo la katikati ningemwita tena. Kwa kingo ningempa mchoro wa mkato (unaoonyesha matabaka kana kwamba yamekatwa wima) kwa kila upande, ningesimama pale kabla lori la kwanza halijamwaga, na asilimia 10 ya malipo ningeishikilia hadi masika yaishe.