Utabiri wa aurora: nimetumia misimu miwili nikiwa Tromsø, hizi ndo zinafaa

Nimekaa Tromsø huku Norway misimu miwili ya giza sasa, na nimejaribu karibu kila kitu kinachodai kujua taa za kaskazini, yaani aurora, zitawaka saa ngapi. Nianze na iliyonikera. Kuna apu moja ya kulipia, jina naliacha, yenyewe inakutumia notifikesheni Kp (namba ya 0 mpaka 9 inayoonyesha usumaku wa dunia umevurugika kiasi gani) ikifika 5 basi, chini ya hapo kimya kabisa. Kuna usiku ilisema uwezekano ni mdogo, nikalala zangu, saa sita jirani ananigongea mlango nikatoka na soksi, anga yote kijani toka mlima huu mpaka ule!! Kp usiku ule ilikuwa 2.

Sasa shida iko hapa na watu wengi wa kaskazini hawaambiwi. Hiyo Kp inatoka kwenye vituo 13 vya kupima usumaku wa dunia, vingi viko mbali kusini kwetu, halafu ni namba moja kwa masaa 3 mazima, wakati aurora inaweza kulipuka dakika kumi ikatulia. Inamfaa mtu wa Ujerumani anayetaka kujua kama itamfikia. Sisi tuko chini ya ile pete ya aurora, yaani duara la kuzunguka ncha ya dunia ambako taa huwaka, kila siku, Kp 1 au 2 inatosha kabisa.

Ninayoitegemea ni ukurasa wa NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya hali ya hewa na bahari, wa bure, hakuna kujisajili. Kuna ramani ya pete inayotabiri nusu saa mpaka saa moja na nusu mbele, na data inatoka kwenye satelaiti zilizokaa kilomita milioni 1.5 upande wa jua. Upepo wa jua (chembe za umeme zinazorushwa na jua, ndo zinawasha aurora) ukija na spidi ya kilomita 400 kwa sekunde unatumia kama saa moja toka pale mpaka kwetu, ndo maana muda wa onyo ni mfupi hivyo, siyo uzembe wa mtu. Mimi naangalia grafu ya Bz kwanza, yaani usumaku wa upepo huo umeelekea kaskazini (juu ya sifuri) au kusini (chini), ikishuka chini ya sifuri ikakaa hapo muda, navaa koti. Ikiwa juu hata kama spidi ni kubwa nasubiri kwanza.

Utabiri wa siku tatu usiupangie maisha lakini. Jua likirusha wingu la gesi wanaweza kukadiria litafika lini, ila usumaku wake umeelekea wapi hawajui vizuri mpaka lifike kwenye satelaiti. Ule wa siku 27 unasaidia kidogo kwa sababu jua linazunguka kwa muda kama huo, sehemu iliyotupa upepo mwezi huu inaweza kurudi tena.

Halafu mawingu jamani. Hapa ndo nawapa heshima idara ya hali ya hewa ya Iceland, wameweka namba ya aurora na ramani ya mawingu sehemu moja, nyeupe ni anga safi, kijani ni mawingu, hata mgeni anaelewa (rangi zinachanganya mara ya kwanza, unadhani kijani ndo aurora). Huku kwetu inabidi nifungue Yr, tovuti ya hali ya hewa ya Norway, kwa ajili ya mawingu, halafu grafu laivu ya kituo cha usumaku cha hapa Tromsø, ule mstari ukidondoka ghafla unatoka nje mbio. Pwani ikifunga mawingu watu wanaendesha kwenda Skibotn karibu na mpaka wa Finland, huko anga huwa safi zaidi.

Na hakuna utabiri utakaokupa giza. Mei 2024 ilikuja dhoruba ya usumaku ya G5, daraja la juu kabisa, ya kwanza tangu 2003, mpaka Florida wameona, sisi anga ilikuwa nyeupe usiku kucha kwa sababu Mei huku haiwi giza. Iliniuma kweli.

Nyota: NOAA 4, Iceland 5, ile apu 1. Atakayetengeneza kitu kinachoniita pale tu Bz imeshuka NA mawingu yamefunguka juu ya nyumba yangu, pesa yangu anayo, na wavuvi na madereva wa huku watamlipa pia maana hiyo hiyo dhoruba inawavuruga redio na GPS.