Mbwa mwitu wanaojua njia ya sifuri tu

Nilipokaa kuandika haya nilikuwa nimekusudia kuwapa wauzaji wa programu hii nyota tatu. Leseni nililipia kwa pesa yangu, mwanzoni mwa mwaka hivi, kwa kuwa waliapa kwamba algoriti yao ya mbwa mwitu, njia ya kutafuta jibu bora kwa kuiga kundi la mbwa mwitu wanaowinda, "imeboreshwa" kuliko ile iliyochapishwa 2014. Michoro yake mizuri, hilo siwanyimi.

Mimi nakadiria vigezo vitano vya seli ya sola kutokana na vipimo vya volti na mkondo. Kila nikiendesha programu, jibu jipya. Ukinzani sambamba, kimojawapo cha vigezo hivyo, asubuhi huu, baada ya chai mwingine kabisa. Nikadhani kosa ni langu. Nimekesha siku mbili tatu nikikagua vipimo vyangu.

Mwisho nikaijaribu kwa Rastrigin, fanksheni ile ya majaribio yenye mabonde tele ambayo wenyewe wanaitangazia; bonde lake la chini kabisa liko sifuri kwa kila kigeu. Vigeu 30, ikapata sifuri kamili, kufumba na kufumbua. Nikaisogeza ileile, bonde la chini kabisa likahamia 2.7 kwa kila kigeu. Umbo halikubadilika hata kidogo! Mbwa mwitu wakapotea. Ndipo nikafungua msimbo: nafasi ya kiongozi, yaani mbwa mwitu mwenye jibu bora hadi hapo, inazidishwa kwa namba ya kubahatisha kati ya 0 na 2 kabla umbali haujapimwa, kwa hiyo kundi zima linavutwa kuelekea sifuri, kuwe na windo kusiwe na windo.

Nikawaandikia kwa adabu, nikaambatisha matokeo. Wakanijibu: "Ndugu mteja, rejea kwanza hisabati ya sekondari." Mstari mmoja tu. Hivi tangu mashindano ya 2005 ya CEC, kongamano la algoriti za namna hii, si fanksheni zinasogezwa makusudi kuziba mwanya huuhuu? Anayeuza uboreshaji halijui hilo? Au analijua na amenyamaza?

Basi nyota moja. Na hiyo naitoa kwa sababu msimbo waliuacha wazi, la sivyo ningeendelea kujilaumu mwenyewe. Hapana, hata hiyo inaniuma, kwa jibu lile.

Nimerudi kwenye algoriti ya kundi la chembe ya Kennedy na Eberhart, ya 1995, ambamo chembe hutafuta jibu pamoja kama kundi la ndege, pamoja na uzito wa mwendo ambao Shi na Eberhart waliuongeza 1998. Namba moja tu iliyozidishwa kwenye kasi ya zamani, lakini huo ndio uboreshaji! Nimeendesha mara kumi, seli yangu inatoa jibu lilelile. Pesa ya leseni bado naidai.