Manga na webtuni za kuchekesha: ukiwa Dodoma anza na zipi

Kama hela yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua juzuu ya kwanza ya Yotsuba&!. Nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu. Mwenye nafasi akae, kwa sababu huku kwetu Dodoma kitabu cha manga, yaani katuni za Kijapani, si kitu cha kuokota njiani. Toleo halali la Kiingereza, kwa bei iliyochapwa kwenye jalada, huwa dola 10 hadi 13 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 20,000 kabla hujalipia usafiri. Kwa hela hiyo mtu ana haki ya kucheka, tena zaidi ya mara moja.

Nimesoma vitabu hivi tangu nikiwa mwanafunzi UDOM, kwanza kwenye simu, baadaye nikaanza kununua vya karatasi kimoja kimoja. Siku hizi nawanunulia na watoto wa kaka yangu tunaoishi nao hapa Chang'ombe, na wao ndio walionibadilisha kipimo. Zamani nilikuwa nauliza hadithi ina utamu gani. Sasa naanza na swali jingine: kicheko kimekaa wapi, kwenye picha au kwenye maneno?

Fikiria safari yenyewe. Kichekesho kimetungwa kwa Kijapani au Kikorea, kikatafsiriwa Kiingereza, halafu kinamfikia msomaji anayecheka kwa Kiswahili. Mama yangu yeye anacheka kwa Kigogo. Mchezo wa maneno ukivushwa mara zote hizo unafika umeishiwa pumzi. Lakini uso wa mtu aliyeshtuka, mguu unaoteleza, mtoto aliyenuna, hivyo havihitaji mkalimani. Waliokua na jarida la katuni la Sani, na akina Ndumilakuwili na Lodilofa, wanalijua hili: ulikuwa unaanza kucheka kabla hujasoma neno. Kwa hiyo orodha yangu nimeipanga hivyo, kuanzia zile ambazo picha inabeba mzigo mkubwa.

Namba moja: Yotsuba&!

Ni kazi ya Kiyohiko Azuma, na ilianza kutoka Japani mwaka 2003. Yotsuba ni mtoto wa miaka mitano, nywele za kijani zimefungwa mafundo manne. Amehamia mtaa mpya na baba anayemlea, na nyumba ya jirani ina mabinti watatu. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Hakuna adui wala mashindano. Kuna siku ya kwenda dukani, siku ya kukamata nyenje, siku ya kujifunza adabu za kwa watu.

Katika juzuu ya kwanza kuna sura ya viyoyozi. Yotsuba amesikia kwamba viyoyozi vinaongeza joto la dunia, na anaposhika jambo hilo analishika kwa mwili mzima, kama aliyeambiwa mtaa unaungua. Kisha anagundua kwamba jirani zake wapendwa nao wanatumia kiyoyozi. Binti mkubwa wa jirani, bila kupepesa jicho, anamwambia kwamba viyoyozi ndivyo vinavyoipoza dunia, na mtoto anapokea habari hiyo kwa furaha ile ile aliyokuwa nayo kwenye hasira. Nimeisoma sura hiyo mwezi wa kumi na moja, bati la nyumba likilia kwa joto, na sijawahi kuichoka.

Aliyenithibitishia kwamba hiki ndicho kitabu cha kwanza ni mama. Mama hasomi Kiingereza. Jioni moja nilimwachia juzuu hiyo mapajani nikaenda jikoni kusonga ugali. Yeye akaifungua kama tunavyofungua vitabu vyetu, na kwa manga upande huo ndio mwisho, kwa hiyo alianza na sura ya mvua. Nilirudi nikamkuta kidole kimesimama juu ya picha, mabega yanatikisika. Yotsuba amekimbilia nje mvua kubwa ikimwagika, amelowa chapachapa, uso mzima ni furaha. "Huyu ni wa kwetu huyu," mama akasema. "Angalia anavyoipokea." Mtu aliyezaliwa Ugogoni, ambako mvua inakuja miezi michache na pengine inachelewa kabisa, hakuhitaji sentensi hata moja kumwelewa mtoto wa Kijapani.

Kasoro ni moja: mwandishi hana haraka. Juzuu ya 14 ilitoka Japani mwaka 2018, ya 15 ikaja 2021. Lakini karibu kila sura inajitosheleza, kwa hiyo kusubiri hakuumi.

Namba mbili: Spy x Family

Tatsuya Endo aliianza mwaka 2019. Jasusi anatakiwa kuunda familia ya bandia ili akamilishe kazi yake. Anamchukua binti wa kituo cha yatima, Anya, na anamwoa mwanamke anayeitwa Yor. Yor ni muuaji wa kukodiwa na hajasema. Jasusi naye hajasema. Anya anasoma mawazo ya watu, kwa hiyo anajua yote, na hawezi kumwambia mtu. Hapo ndipo vicheko vinapotoka. Wakubwa wawili wanadanganyana kwa heshima kubwa, na katikati yao yupo mtoto ambaye uso wake hauwezi kuficha kitu. Endo anajua kuchora uso wa Anya kuliko chochote kingine, na ule wa kujifanya ameelewa wakati hajaelewa ndio ninaoupenda zaidi.

Maneno ni mengi kuliko kwenye Yotsuba&!, na damu ipo kidogo, kwa hiyo mimi naitoa kwa mtoto aliyefika darasa la tano au la sita. Kwa mtu mzima anayetaka hadithi inayosonga mbele, pamoja na kucheka, hii inaipita namba moja. Nimeiweka ya pili kwa sababu haikuruhusu kuishia juzuu ya kwanza. Panga bajeti ya angalau tatu.

Kabla hujanunua, ionje bure. Programu ya MANGA Plus, ya wachapishaji wenyewe Shueisha, inakupa sura za mwanzo na za karibuni bila malipo, na huku kwetu inafunguka. Soma zile za mwanzo. Zikikushika, agiza.

Namba tatu: The Way of the Househusband

Hii ni ya Kousuke Oono, ilianza 2018. Tatsu alikuwa jambazi wa kuogopwa katika magenge ya Japani. Ameacha yote, ameoa, na sasa anakaa nyumbani anapika, anafua, anawinda punguzo la bei madukani, huku mke akienda kazini. Uso haujabadilika. Akishika kisu cha kukatia kitunguu, unadhani kuna mtu atakufa. Makovu usoni, miwani myeusi, na aproni.

Napenda kwamba kitabu hakimdhalilishi hata siku moja. Tatsu anaipenda nyumba yake, anampenda mke wake, na kazi za ndani anazifanya kwa ufundi na kwa uzito wote. Kinachochekesha ni watu wa nje kushindwa kuamini wanachokiona. Nilimpa rafiki yangu mmoja anayefanya kazi Mtumba, ambaye mume wake ndiye anayeshinda na watoto, wakaisoma wote wawili kitandani usiku mmoja. Ila utani wenyewe ni mmoja, unabadilishiwa nguo tu. Nunua juzuu mbili, utakuwa umeshiba. Sura zake ni fupi, kwa hiyo kwa safari ya treni kutoka Dar inafaa sana.

Namba nne ni Nichijou ya Keiichi Arawi, na hii usiinunue kabla hujaionja. Wapo wanaocheka mpaka machozi, wapo wanaokurudishia kitabu wakiuliza kuna nini hapa. Wasichana watatu wa shule, profesa wa miaka minane, roboti mwenye ufunguo mgongoni anayetamani tu kuonekana binadamu wa kawaida. Kuna sura ambayo mkuu wa shule anapigana mieleka na kulungu mwenye pembe katika uwanja wa shule, na mwanafunzi anayeangalia dirishani hana wa kumsimulia. Kwangu mimi hicho ni kicheko safi cha picha. Mwanamke ninayekaa naye ofisi moja hakutabasamu hata kidogo, na simlaumu.

Ya tano, Dr. Slump ya Akira Toriyama, juzuu 18 za miaka ya 1980 hadi 1984. Msichana wa roboti mwenye nguvu za kupasua dunia na miwani mikubwa. Wadogo wanaipenda mno. Kuna utani wa chooni mwingi na wa kikubwa kiasi, mzazi aipitie kwanza.

Usianze na Gintama. Najua wapenzi wake watanikasirikia, na mimi mwenyewe naithamini. Hideaki Sorachi aliiandika kuanzia 2003 hadi 2019. Lakini kicheko chake kimejengwa juu ya mchezo wa maneno ya Kijapani, vipindi vya televisheni vya kwao na historia yao. Tena ni juzuu 77, na toleo la karatasi la Kiingereza liliishia ya 23. Utakuwa umenunua chini ya thuluthi ya kitu.

Na webtuni?

Webtuni ni katuni zilizotungwa kusomwa kwenye simu. Za kuchekesha usizinunue kwenye karatasi, na sababu si ubahili. Manga imepangwa kwa kurasa: jambo la kuchekesha linafichwa nyuma ya ukurasa, unageuza, linakurukia. Webtuni imepangwa kwa kidole gumba. Unasukuma skrini, unakutana na nafasi tupu nyeupe, unasukuma tena, na kicheko kinapanda polepole kutoka chini. Ile nafasi tupu ndiyo pumzi ya msimuliaji. Ukizikata picha hizo ukazibandika kwenye ukurasa, macho yanaona mwisho kabla ya mwanzo, na utani umekufa.

Zisome kwenye simu zilikozaliwa. Programu ya WEBTOON ya Kiingereza ipo tangu 2014 na sehemu kubwa ni bure. Anza na The Sound of Your Heart ya Jo Seok wa Korea Kusini. Alianza 2006, akamaliza 2020, na ina vipindi zaidi ya 1,200 kuhusu maisha yake mwenyewe, wazazi wake, kaka yake, na mchumba aliyekuja kuwa mke wake. Michoro ya mwanzo ni ya kiholela, usivunjike moyo. Familia ile inagombana kama familia yoyote unayoijua Makole au Kisasa. Kwa vicheko vya upole zaidi, soma My Giant Nerd Boyfriend ya mchoraji wa Malaysia anayejiita fishball. Vipindi ni vifupi na vinaisha kabla chai haijapoa. Angalia bando tu, maana picha za rangi zinakula MB. Mimi nafungua vya wiki nzima mahali penye waifai.

Kuagiza na kutunza

Hapa mjini bado sijapata duka la kutegemea, kwa hiyo vingi vinatoka Dar, kwa basi au kwa mtu anayekuja na treni ya SGR. Muulize muuzaji maswali kabla hujatuma hela. Mimi nililipia juzuu tatu za Spy x Family kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, na nilichopokea stendi ya Nanenane ni fotokopi zilizogundishwa. Picha inayochukua kurasa mbili imemezwa katikati, uso wa Anya umebaki jicho moja. Ilipofika Oktoba gundi ilikauka ikapasuka, kurasa zikaanza kutoka moja moja mikononi mwa watoto. Hela haikurudi, na bado inaniuma, kwa sababu binti wa kaka yangu alikuwa amesubiri mwezi mzima.

Siku hizi naomba picha nne: jalada, mgongo wenye namba ya juzuu, ukurasa wenye jina la mchapishaji na namba ya ISBN (ile ya kukitambulisha kitabu), na kitabu kikiwa kimefunguliwa katikati. Mwenye kitabu halali hatakataa. Hakikisha pia kurasa zinakwenda kulia kwenda kushoto. Watoto waliopita madrasa hawapati tabu yoyote, wengine wanazoea baada ya sura moja.

Kikifika, kivalishe nailoni siku hiyo hiyo. Upepo wa Julai na Agosti unaingiza vumbi hadi ndani ya kabati lililofungwa, na karatasi ya manga ni laini, inakunywa vumbi hilo na kugeuka ya kahawia pembeni. Usikiache dirishani. Na kama unanunua Yotsuba&! kwa ajili ya nyumba yenye watu wengi, chukua nakala mbili za juzuu ya kwanza, kwa sababu moja itaazimwa na wageni na itachukua muda kurudi.