Vichwa vizito vya .224 kwa koyote wa mbali: kipi ununue, na kwa mtutu upi

Karatasi niliyoitundika yadi 100 ilikuwa na matundu matano, na hakuna hata moja lililokuwa duara. Yalikuwa marefu kama mbegu za tende, kila moja limelala kivyake. Vichwa vya risasi vilikuwa vimefika vikitanguliza ubavu. Bunduki ilikuwa .22-250 ya zamani niliyoinunua kwa mtu, na vichwa vilikuwa vipya, vya greini 75. Aliyeniuzia aliniambia kwamba kwa koyote wa mbali, kizito ndicho. Alisema kweli. Ila hakuniuliza mtutu wangu una msokoto gani, na mimi sikujua kama hilo ni swali.

Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wanaowinda huku Idaho na majimbo jirani ya Marekani, hasa wale wanaoanza. Koyote ni ndugu wa bweha wetu: kilo 9 hadi 16, manyoya mengi na mwili mdogo ndani yake. Wafugaji humhofia zaidi mwishoni mwa baridi, wakati ng'ombe na kondoo wanapozaa. Hapa Idaho anawindwa mwaka mzima, lakini leseni ya uwindaji ni lazima. Nazungumzia vichwa vya kipenyo cha inchi 0.224 tu, yaani vile vya aina hizi za risasi: .223 Remington, .22-250, .224 Valkyrie, .22 ARC na .22 Creedmoor. Greini moja ni kama gramu 0.065, kwa hiyo kichwa cha greini 75 hakifiki hata gramu 5. Katika kipenyo hiki, huyo ndiye mzito.

Kabla hujatoa pesa, pima msokoto

Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka, nayo ndiyo inayokizungusha kichwa ili kitulie hewani. Msokoto wa 1:8 maana yake ni kwamba kichwa kinamaliza mzunguko mmoja kila inchi 8. Kizito ni kirefu, na kirefu hudai mzunguko wa kasi zaidi. Bunduki nyingi za zamani za .22-250 zina 1:14, msokoto uliokusudiwa vichwa vya greini 55 kushuka chini. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Usiamini kumbukumbu ya aliyekuuzia. Hakikisha bunduki haina risasi, toa komeo, kisha chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka wenyewe, ufunge kitambaa kinachobana. Usukume ndani hadi ushike mifereji. Tia alama mbili kwa kalamu ya wino mzito: moja juu ya ufito, nyingine mahali ufito unapoingilia. Sukuma polepole, bila kuukaza mkono. Utaiona ile alama ya juu ikigeuka, inapotea upande wa pili, inarudi juu. Ikirudi pale pale ilipoanzia, tia alama tena mahali pa kuingilia, kisha pima umbali kati ya alama hizo mbili. Ukipata inchi 8, mtutu ni 1:8. Rudia mara tatu, maana kitambaa kikiteleza kipimo kinadanganya. Kazi hii ni ya dakika kumi, na ingeniokolea boksi zima la vichwa 100.

Uzito unanunua nini hasa

Watu husema kizito kina nguvu zaidi. Kwa koyote, nguvu si tatizo. Hata greini 55 inamtosha sana. Unachonunua ni nafuu ya upepo.

Chukua .22-250 inayorusha V-Max, kichwa chepesi cha Hornady cha greini 55, kwa futi 3,680 kwa sekunde, na .223 ya mtutu mrefu inayorusha ELD Match ya greini 75 kwa futi kama 2,790. Ya kwanza inaondoka na kasi ya ziada ya karibu futi 900. Lakini uwezo wa kupenya hewa, ile namba inayoandikwa BC kwenye boksi, ni 0.255 kwa chepesi na 0.467 kwa kizito. Nikipiga hesabu, zikifika yadi 500 kasi zao zimekaribia kulingana, kama futi 1,850. Ubora wote wa chepesi umeliwa na hewa njiani.

Sasa weka upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa. Kwa yadi 400, chepesi kinasukumwa kama sentimita 44 na kizito kama 33. Sehemu ya kifua cha koyote unayopaswa kuipiga inatosha kufunikwa na kisahani cha chai, sentimita 15 hivi, maana yake una sentimita saba na nusu tu kila upande. Ukikosea kuusoma upepo kwa kilomita 3 tu kwa saa, chepesi kinahama zaidi ya 8, kizito 6 hivi. Kimoja kimetoka nje ya kisahani, kingine bado kimo. Tofauti ndiyo hiyo, na kwangu inatosha kuhalalisha gharama. Ni kweli kizito hudondoka zaidi, lakini mdondoko unajulikana mapema: unapima umbali, unageuza kitufe cha darubini, basi. Upepo haukuachii jedwali.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa yadi 500 na utaona kosa lile lile la kilomita 3 linakitoa hata kizito nje ya kisahani. Ndiyo sababu mimi nakomea 400, na siku ya upepo wa kubadilika badilika nakomea 250. Mnyama aliyejeruhiwa akatokomea kwenye vichaka ni dhambi ambayo kichwa cha bei hakiifuti.

Mpangilio wangu

Wa kwanza: Hornady ELD Match, greini 75. Kama mtutu wako ni 1:8 au wa kasi zaidi, anza hapa na pengine uishie hapa. BC ya 0.467 katika .223 ya kawaida ni kitu kikubwa, na ncha yake ya plastiki husaidia kichwa kufunguka kikigusa mwili. Ni kichwa kilichotengenezwa kwa mashindano ya shabaha, si kwa mawindo, na kampuni yenyewe inakiuza hivyo. Lakini kwa mnyama mwembamba kama koyote, gamba lake jembamba la shaba ni faida. Anayewinda kwa ajili ya manyoya asikichague: tundu la kutokea linaweza kuwa kubwa kuliko mshonaji anavyotaka.

Wa pili: Sierra Tipped MatchKing, greini 77. BC ni 0.420, kwa hiyo upepo unakisukuma zaidi kidogo. Nimekiweka karibu sana na cha kwanza kwa sababu moja ya vitendo: risasi zake za kiwandani hupatikana kwa urefu unaoingia kwenye magazini (kisanduku cha risasi) ya AR-15, bunduki inayojipakia yenyewe, ambayo ukomo wake ni inchi 2.26 hivi. Wengi hawajazi risasi wenyewe nyumbani, yaani kukalisha kichwa katika ganda lenye baruti. Kama wewe ni mmoja wao na unatumia AR, kipandishe hiki kiwe cha kwanza.

Wa tatu: Hornady ELD Match greini 88, au Berger Long Range Hybrid Target greini 85.5. BC zao ni 0.545 na 0.524, na kwa upepo hakuna kinachovigusa humu. Mbona vya tatu? Kwa sababu vinadai msokoto wa 1:7, na katika ganda la .223 lazima vikalishwe mbele mno, risasi inakuwa ndefu kuliko magazini ya AR; utakuwa unaingiza moja moja. Koyote anapokuja na mwenzake, hilo linauma. Mwenye .22 Creedmoor, au .22-250 iliyobadilishwa mtutu, avipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kuniuliza.

Wa nne: Sierra greini 69, wenye ncha au wa kawaida. Hiki ni cha mwenye mtutu wa 1:9, na bunduki za namna hiyo ziko nyingi sana madukani. Usilazimishe greini 75 ya ncha ndefu humo. Inaweza kutulia Julai kwenye hewa nyepesi ya joto, halafu Januari, hewa ikiwa baridi na nzito, ikaanza kuyumba.

Wa mwisho: MatchKing ya kawaida ya greini 77, isiyo na ncha ya plastiki. Ndicho kichwa kilichomo kwenye risasi ya jeshi la Marekani iitwayo Mk 262, na kwa kulenga shabaha sina neno nacho. Ila kasi ikishapungua, tundu lake dogo la mbele halifunguki kila mara. Kinaweza kupita kama sindano, na koyote akakimbia na jeraha jembamba. Kwa karatasi ndiyo. Kwa mnyama wa mbali, hapana.

Mwenye 1:14 kama mimi wa siku zile abaki na greini 50 au 55 na asogee karibu. Nilifanya hivyo misimu miwili kabla ya kubadilisha mtutu, na sikujuta.

Kuhusu madini ya risasi

Kwa Kiswahili risasi na madini yake tumevipa jina moja, na vichwa vyote nilivyovitaja vina madini hayo ndani. California haiyaruhusu katika uwindaji wowote tangu Julai 2019, koyote akiwemo. Huku kwetu yanaruhusiwa, lakini kusini mwa Boise, kandokando ya mto Snake, kuna hifadhi ya ndege wawindaji, na tai hula mizoga tunayoiacha pamoja na vipande vilivyomo. Ukiwinda huko, chukua kichwa cha shaba tupu, kama Barnes TSX ya greini 70, au ondoka na mzoga wako. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa kinakuwa kirefu kwa uzito ule ule na kinataka msokoto wa kasi. Pia huchelewa kufunguka kasi ikishuka. Punguza umbali wako.

Unapokwenda dukani

Nunua boksi moja moja la aina mbili, si kumi za aina moja. Mitutu ina mapenzi yake. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kutofautiana kabisa. Piga vikundi vitatu vya risasi tano tano yadi 100, pumzisha mtutu upoe kati ya kikundi na kikundi, kisha tazama umbo la kila tundu kabla ya kutazama ukubwa wa kikundi. Tundu likianza kuwa yai, kichwa hicho hakifai kwa mtutu wako, hata kama kikundi kinapendeza.

Ukishapata kinachopendwa, rudi haraka na namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi, ununue kinachokutosha msimu mzima cha namba hiyo hiyo. Halafu siku moja ya Januari, asubuhi ambayo vidole vinagoma, rudi uwanjani urudie lile jaribio la karatasi.